Peugeot kuukuu ikivuta upande: Chanzo kitafutwe kabla ya kulipia alaimenti

WAMILIKI wa magari ya zamani katika eneo la Marachi na miji ya mpakani ya Busia na Malaba hukumbwa na tatizo linalojirudia. Gari hupelekwa kunyooshwa magurudumu, likatulia kwa siku chache, kisha likaanza tena kuvuta upande mmoja na kula matairi.

Wengi huishia kumlaumu fundi wa alaimenti au kuamua kwamba gari limezeeka kiasi cha kutotengenezeka. Hata hivyo, mara nyingi kosa huwa katika mpangilio wa kazi. Alaimenti, yaani kupima na kurekebisha mwelekeo wa magurudumu, ni hatua ya mwisho katika matengenezo ya usukani. Ikitangulizwa, huwa sawa na kupaka rangi ukuta wenye ufa: ufa hufichika kwa muda, halafu huonekana tena ukiwa mpana zaidi.

Suala hili si la fedha pekee. Barabara ya kutoka Kisumu kuingia Busia, pamoja na ile ya kutoka Bungoma kuelekea Malaba, hubeba malori ya mizigo inayokwenda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Congo. Kando ya barabara hizo hupita bodaboda, wanafunzi na wachuuzi. Gari linalohama nusu mita bila kuamriwa wakati wa kupishana na lori halimwachii dereva nafasi ya kujirekebisha.

Gari lenye historia

Miongoni mwa magari ya zamani ambayo watu wa magharibi mwa Kenya wanayafahamu vyema ni Peugeot 504. Gari hilo lilizinduliwa nchini Ufaransa mwaka 1968 na kutangazwa Gari Bora la Mwaka barani Ulaya mwaka 1969.

Katika Afrika Mashariki lilijijengea jina kwenye mashindano ya Safari Rally. Ove Andersson alishinda akiliendesha mwaka 1975, naye Jean-Pierre Nicolas akashinda mwaka 1978 akitumia 504 yenye injini ya V6. Mtangulizi wake, Peugeot 404, alikuwa tayari ametwaa ushindi katika mashindano hayo mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968.

Peugeot 504 iliunganishwa pia humu nchini. Ile ya bodi ndefu, wagoni yenye safu tatu za viti, ilitumika kwa miaka mingi kusafirisha abiria, nayo pikapu ikabeba mahindi, ndizi na samaki. Kazi hiyo sasa imechukuliwa kwa kiasi kikubwa na Toyota Probox na matatu za viti 14, lakini bado zipo 504 zinazotunzwa na wenyewe, ama kwa kazi ama kwa mapenzi.

Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka minane, zile zilizosalia ni zilizozeekea hapa hapa. Zimepita mikononi mwa madereva wengi na mafundi wengi. Hilo ndilo jambo la kwanza la kukumbuka: gari la namna hiyo huwa halina kasoro moja, bali kasoro kadhaa ndogo zilizolimbikizana.

Jinsi usukani unavyofanya kazi

Dereva anapozungusha usukani, mhimili wake hushuka hadi kwenye raki, ambayo ni fito la chuma lenye meno lililolazwa mbele ya gari. Fito hilo husogea kushoto au kulia na kusukuma vyuma viwili viitwavyo tairodi. Mwisho wa kila tairodi kuna kiungo chenye umbo la tufe, boljointi, kinachougeuza mguu wa gurudumu.

Gurudumu lenyewe limeshikiliwa na nguzo yenye springi na shokabsoba, kifaa cha kutuliza mitikiso. Upande wa chini hushikwa na mkono wa chuma. Mahali mkono huo unapoungana na bodi pamewekwa bushi za mpira ili kuzuia kelele na mishtuko.

Kwa hiyo, kati ya viganja vya dereva na lami kuna viungo vingi. Kila kimoja kikilegea kwa milimita moja tu, jumla yake huwa kubwa. Hapo ndipo dereva huona kwamba anazungusha usukani lakini gari linachelewa kutii.

Pembe tatu muhimu

Fundi anaposema magurudumu hayako sawa, huwa anazungumzia pembe tatu. Ya kwanza ni kuelekeana au kuachana kwa magurudumu ya mbele. Mtu akisimama huku vidole vya miguu vikielekeana, hiyo ndiyo hali ya kuelekeana. Vidole vikitazama nje, hiyo ni kuachana. Tofauti ya milimita chache inatosha kulifanya gari liyumbe au tairi liishe mapema.

Pembe ya pili ni mwinamo wa gurudumu likitazamwa kutoka mbele. Gurudumu linaweza kuinama ndani au nje kwa juu, mfano wa miguu ya mtu mwenye matege. Mwinamo ukizidi, tairi huliwa ukingo mmoja, na gari huweza kuvuta kuelekea upande ambao gurudumu lake limeinama zaidi kwa nje.

Pembe ya tatu ni mlalo wa mhimili ambao gurudumu hugeukia. Hii haionekani kwa urahisi, lakini wakazi wa Busia wanaijua kutokana na baiskeli, chombo kilichozaa jina la bodaboda katika mpaka huu. Uma wa mbele wa baiskeli haukusimama wima, umelala. Mstari wa mhimili wake ukirefushwa hadi chini, hugusa ardhi mbele kidogo ya mahali tairi linapogusa. Hiyo ni miongoni mwa sababu za baiskeli kujinyoosha yenyewe inapokuwa mwendoni.

Gari nalo huhitaji mlalo huo ili usukani urudi katikati baada ya kona. Mlalo wa upande mmoja ukitofautiana na wa pili, gari huvuta hata kama magurudumu yanaonekana yamenyooka.

Katika mfumo wa mbele wa magari kama 504, pembe inayorekebishwa kwa kawaida ni ile ya kwanza, kwa kurefusha au kufupisha tairodi. Pembe nyingine mbili hutokana na maumbo ya vyuma kama vilivyotoka kiwandani. Zikipotoka, maana yake kuna chuma kilichopinda, bushi iliyokwisha au springi iliyochoka. Hakuna mashine ya alaimenti inayoweza kuponya hayo.

Dalili huzungumza

Kabla ya kushika spana, fundi makini humuuliza dereva maswali. Gari huvuta wakati wote au linapofunga breki tu? Usukani hutetema katika mwendo wowote au kasi fulani pekee? Tatizo lilianza polepole au baada ya kuingia kwenye shimo?

Gari likivuta wakati wote, washukiwa wa kwanza ni upepo usiolingana katika matairi, tairi lenye kasoro, breki inayoshika bila kukanyagwa, au tofauti ya pembe kati ya kushoto na kulia. Likivuta wakati wa breki tu, macho yaelekezwe kwenye kalipa iliyokwama au bushi za mkono wa chini, ambazo zikichanika huruhusu gurudumu kurudi nyuma breki inaposhika.

Usukani ukitetema kuanzia kasi fulani, tuseme kilomita 80 kwa saa, kisha ukatulia kasi ikibadilika, mara nyingi tatizo ni uzito wa magurudumu kutosawazishwa au rimu iliyopinda. Ukianza kutikisika kwa nguvu kila gari linapogonga shimo au tuta, basi kuna kiungo kilicholegea.

Gari likitangatanga bila kuchagua upande, likimlazimu dereva kurekebisha kila mara, huenda raki imechakaa, viungo vimelegea au magurudumu ya mbele yanaachana. Usukani ukiwa mzito na usiorudi katikati, huenda upepo ni mdogo, boljointi imekauka, au beringi iliyo juu ya nguzo ya springi imekwama.

Lipo pia jambo dogo ambalo huwapotezea watu fedha. Katika barabara za udongo za Butula na Nambale, ambazo matrekta ya miwa huzichimba wakati wa mvua, matope hujazana ndani ya rimu na kukauka. Uzito huo wa upande mmoja hutosha kuutetemesha usukani. Dawa yake ni ndoo ya maji na brashi.

Hatua ya kwanza: Matairi

Uchunguzi huanzia pale gari linapogusa ardhi. Matairi yapimwe upepo kwa geji yakiwa baridi, kabla ya safari, na vipimo vya kushoto na kulia vilingane. Kupiga tairi teke hakumwambii mtu chochote.

Kisha tairi lisomwe. Likiwa limeliwa kingo zote mbili, limetembea na upepo mdogo kwa muda mrefu. Likiwa limeliwa katikati, upepo ulizidi. Likiwa limeliwa ukingo mmoja tu, mwinamo au mwelekeo wa magurudumu una kasoro. Likiwa na mabonde mabonde kulizunguka, shokabsoba zimechoka au uzito haukusawazishwa.

Kiganja husaidia pale macho yanaposhindwa. Ukilipapasa tairi kutoka nje kwenda ndani, kisha ukarudi, na upande mmoja ukawa laini ilhali wa pili unakwaruza kama meno ya msumeno, basi tairi hilo limekuwa likiburutwa kando. Hiyo ni dalili ya magurudumu kuelekeana au kuachana kupita kiasi.

Kama gari linavuta upande na upepo uko sawa, matairi mawili ya mbele yabadilishane nafasi, ikiwa ni ya aina inayoruhusu kuzunguka pande zote mbili. Gari likianza kuvuta upande wa pili, mkosaji ni tairi. Jaribio hilo huchukua dakika chache na huweza kuokoa gharama ya raki nzima.

Majaribio yafanyiwe mahali tambarare pasipo na magari. Barabara za Kenya hujengwa zikiwa na mteremko kutoka katikati kwenda kando ili maji ya mvua yatiririke. Kwa kuwa magari huendeshwa kushoto, hata gari zima kabisa huweza kuteremka kidogo kuelekea kushoto. Dereva asiyelijua hilo huweza kutibu ugonjwa usiokuwepo.

Baada ya mwendo wa kilomita chache, kiganja kisogezwe karibu na kila gurudumu la mbele bila kuligusa. Moja likiwa na joto kali kuliko la pili, breki yake inashika. Hilo litengenezwe kwanza kabla ya kuendelea.

Hatua ya pili: Ulegevu

Hatua inayofuata ni kuinua gurudumu kwa jeki. Gari liwekewe vizuizi kwenye magurudumu yaliyobaki chini, nalo liegemezwe kwenye stendi imara. Mtu asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki pekee, wala kwa mawe au matofali, kwani hayo hupasuka bila onyo.

Gurudumu lishikwe kushoto na kulia, kisha lisukumwe na kuvutwa. Likicheza, ulegevu uko kwenye boljointi ya tairodi au ndani ya raki. Halafu lishikwe juu na chini. Likicheza hapo, mshukiwa ni beringi ya gurudumu au boljointi ya mkono wa chini.

Kuna njia rahisi ya kutofautisha mambo hayo mawili. Msaidizi akanyage breki huku gurudumu likiendelea kutikiswa. Ulegevu ukitoweka, beringi ndiyo yenye kasoro. Ukibaki, tatizo liko kwenye viungo.

Baadaye gari lirudishwe chini. Mtu mmoja azungushe usukani taratibu kushoto na kulia kwa kiasi kidogo, wa pili awe anatazama na kugusa kila kiungo, kuanzia mhimili wa usukani hadi kwenye gurudumu. Mahali ambapo upande mmoja unasogea na wa pili unachelewa, hapo ndipo pameharibika. Bolti zinazoishikilia raki kwenye fremu zisisahaulike. Zikilegea, raki nzima husogea na kuonekana kana kwamba imekufa.

Bushi nazo zitazamwe kwa tochi. Mpira huzeeka kwa miaka, si kwa kilomita tu. Gari lililoegeshwa uani kwa muda mrefu laweza kuwa na bushi zilizopasuka ingawa halikutembea. Bushi mpya za mpira zikifungwa, bolti zake zikazwe mwisho kabisa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa magurudumu yakining'inia, mpira hukaa umejikunja na kuchanika mapema.

Hatua ya tatu: Kimo na mstari wa gari

Gari la kazi hulala upande uliobeba mzigo kwa miaka. Ili kulijua hilo, gari liegeshwe mahali tambarare likiwa tupu, kisha upimwe umbali kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake. Kushoto na kulia zikitofautiana sana, springi imechoka au imevunjika.

Wagoni na pikapu huwa na tatizo la ziada. Magunia yakipangwa nyuma kupita kiasi, nyuma hushuka na pua huinuka. Pembe zote za mbele hubadilika na usukani huwa mwepesi kuliko inavyofaa. Gari linalovuka kutoka sokoni likiwa limejaa halina tabia ile ile lililokuwa nayo asubuhi likiwa tupu. Springi zilizochoka hubadilishwa; kuongeza vipande vya chuma au mpira katikati yake hupotosha pembe bila kurudisha nguvu.

Kipimo kingine ni umbali kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma, usukani ukiwa umenyooka. Kushoto na kulia zinapaswa kulingana katika 504. Zikitofautiana, kuna mkono uliopinda au ekseli iliyohama. Gari la namna hiyo hutembea upandeupande kama kaa, na mtu aliye nyuma yake barabarani huliona waziwazi.

Hatua ya mwisho: Kunyoosha kwa uzi

Ulegevu wote ukishaondolewa, sasa ndipo alaimenti inafaa. Karakana zenye mashine hufanya kazi hiyo kwa haraka, lakini mahali pasipo na mashine, uzi na rula hutoa jibu la kuaminika iwapo kazi itafanywa kwa utulivu.

Gari huwekwa mahali tambarare, upepo ukiwa sahihi na usukani umenyooka. Husukumwa mbele mita chache ili viungo vikae katika hali ya kawaida ya mwendo. Kisha nyuzi mbili hunyooshwa kando ya gari, moja kila upande, kwa kimo cha katikati ya magurudumu, zikifungwa kwenye vigingi vilivyo mbele na nyuma ya gari.

Hapa wengi hukosea. Uzi haupaswi kuguswa tu kwenye tairi la nyuma na kuvutwa hadi mbele, kwa sababu upana wa magurudumu ya mbele na wa nyuma haulingani katika magari mengi. Nyuzi zenyewe ndizo zinazopaswa kuwa sambamba: umbali kati yake mbele ya gari ulingane na ule wa nyuma. Aidha, uzi wa kushoto na wa kulia iwe mbali kwa kiasi kile kile kutoka katikati ya magurudumu ya mbele, na vivyo hivyo kwa yale ya nyuma.

Baada ya hapo hupimwa umbali kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu, kisha hadi ukingo wake wa nyuma. Tuseme mbele ni milimita 102 na nyuma ni 100. Ukingo wa mbele uko mbali zaidi na uzi, hivyo gurudumu hilo limeelekea ndani kwa milimita 2. Kama gurudumu la pili limeelekea ndani kwa milimita 1, jumla ni 3. Takwimu hizo ni za mfano tu. Kipimo sahihi hutolewa katika kitabu cha matengenezo cha gari husika.

Kurekebisha hufanywa kwa kulegeza nati ya kufungia, kuzungusha tairodi kidogo, tuseme robo ya mzunguko, na kupima upya. Tairodi mbili zirekebishwe kwa kiasi kinachoufanya usukani ubaki umenyooka. Usukani ukikaa upande ilhali gari linakwenda moja kwa moja, dawa si kuung'oa na kuurudisha kwa pembe nyingine, bali ni kusawazisha tairodi. Mwishoni nati zikazwe na kukaguliwa mara mbili.

Mfano wa uchunguzi

Ichukuliwe pikapu inayobeba samaki kutoka Port Victoria hadi Busia. Mwenyewe analalamika kwamba inavuta kushoto na tayari imefanyiwa alaimenti mara mbili. Fundi anayeanzia mwisho ataipima tena, aikute imepotoka kidogo, airekebishe na kupokea malipo.

Fundi anayefuata mpangilio ataanza na upepo, akute uko sawa. Atabadilisha matairi ya mbele, na gari liendelee kuvuta kushoto. Tairi si mkosaji. Atalijaribu kwa breki, na mvuto uzidi. Atazitazama kalipa, zikiwa nzima. Atamulika mkono wa chini wa kushoto na kuona bushi imechanika, gurudumu likirudi nyuma kila breki inapokanyagwa. Bushi itabadilishwa, kisha uzi utanyooshwa mara moja tu.

Tofauti kati ya mafundi hao wawili si vifaa. Wote wana jeki, spana na uzi. Tofauti ni kwamba wa pili alikataa kupima kitu kinachocheza. Kipimo cha gurudumu lililolegea ni kweli kwa dakika ile tu gari liliposimama. Likiingia shimo la kwanza, kipimo hicho hakipo tena.

Mambo ya kuepukwa

Zipo njia za mkato ambazo hazifai kabisa. Boljointi iliyochakaa haichomelewi, kwa maana joto hubadilisha ugumu wa chuma na kiungo chaweza kukatika ghafla. Pini ya kuzuia nati haibadilishwi kwa kipande cha waya au msumari. Tairodi iliyopinda hainyooshwi kwa nyundo, hutupwa.

Vipuri vilivyotumika huuzwa pande zote mbili za mpaka, na kwa gari lisilotengenezwa tena mara nyingi hakuna budi kuvinunua. Mnunuzi akiinunua boljointi aikunje kwa mkono: iwe na ukinzani wa wastani, isicheze wala kukwama, na kifuniko chake cha mpira kisiwe kimepasuka. Boljointi iliyoingiza vumbi na maji imekwisha hata kama inang'aa kwa nje.

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inataka sehemu zote za gari zitunzwe katika hali isiyohatarisha watumiaji wengine wa barabara wala waliomo ndani ya gari. Jukumu hilo halipungui kwa sababu gari ni la zamani au linapendwa.

Mwenye gari, kwa hivyo, anapoingia karakana asianze kwa kuomba alaimenti. Aeleze dalili, kisha aombe kuonyeshwa kiungo kilicholegea, akishike na kukitikisa mwenyewe. Fundi akisema hakuna kilicholegea, amwonyeshe matairi na bushi. Baada ya hayo yote kukaguliwa, uzi unyooshwe.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika gari la miaka 40 na zaidi, ufa huo huwa ni bushi ndogo, pini moja au tope lililokauka ndani ya rimu. Anayeutafuta kwa mpangilio huuziba kwa gharama ndogo, na Peugeot yake huendelea kupishana salama na malori ya Malaba.